Mwalimu Aliyesifu Mlenda

Mume wangu hapendi mlenda. Nakwambia mapema, Mwantum, ili jioni hii ukimwona amekaa pale mkekani amefumba macho anameza, usidhani anaumwa. Haumwi. Anakula chakula cha mkewe.

Na wewe shoga yangu, nimekuona asubuhi sokoni. Umeshuka kwenye treni juzi na mumeo fundi wa reli, kanga yako bado ina vumbi la safari, unakwenda duka hadi duka unauliza nazi. Nazi! Hapa Dodoma! Yule wa duka la mwisho nusura aanguke kwa kicheko. Ndiyo maana nikakushika mkono nikakuleta kwangu. Kaa. Kunywa maziwa haya ya mgando. Usiyanuse, kunywa! Haya, sasa nikusimulie habari za mtu wa pwani aliyefika huku kabla yako, hata reli haijafika, naye siku ya kwanza aliuliza nazi vilevile.

Aliitwa Mwalimu Athuman, wa Pangani. Wakati huo Wadachi walikuwa wamepania kufungua shule kila mahali, watoto wajue kusoma Kiswahili na kuhesabu, wapate makarani. Basi siku moja, mavuno yamekwisha, tukamwona askari anakuja kwetu upande wa Kizota, na nyuma yake mtu wa kanzu nyeupe, kofia ya kufuma, na punda amebeba ubao mweusi. Hatujapata kuona ubao wa namna ile. Wadogo zangu walikimbia ndani wakipiga kelele, "Baba! Kuna mgeni anakuja na mlango wake mwenyewe!"

Baba yangu ni Mzee Matonya. Tembe lake lilikuwa kubwa, paa bapa la udongo, watu upande huu na ng'ombe upande ule, na sauti yake baba ikizijaza pande zote mbili. Kiswahili alikijua cha misafara, maana toka utoto wake alikuwa akiwauzia wapagazi unga. Nami nilikijua hichohicho, cha kubishana bei na wapagazi. Askari akasimama uani akatoa amri ya Bwana Shauri, yule Mdachi mkubwa wa bomani: wanatakiwa watoto ishirini wasome. Bwana Shauri atakuja mwenyewe mvua za kwanza kuwatazama. Asipowakuta ishirini wanaojua kusoma, shule inafungwa na mwalimu anarudishwa kwao.

Baba akaitikia, "Ndiyo, bwana. Ndiyo, bwana. Ndiyo, bwana." Askari akaenda zake. Vumbi la viatu vyake halijatua, baba akamgeukia mgeni. "Mwalimu, karibu sana. Nyumba ni yako, maziwa ni yako. Lakini watoto wana mbuzi."

"Mbuzi, Mzee?"

"Wa kuchunga. Nani atawachunga? Wewe?"

Na majirani wote wakasema hivyohivyo. Mtoto wa kiume ana mbuzi, mtoto wa kike ana maji na kuni. Shule ni ya watu wasio na kazi.

Maskini Athuman! Baadaye aliniambia kwamba alipoondoka Pangani watu walimsindikiza kwa ngoma mpaka nje ya mji, mama yake analia kwa fahari, mwanangu anakwenda kuwa mwalimu bara. "Nikirudi na ubao wangu kichwani," aliniambia, "nitapita njia gani nisionekane?" Hilo ndilo lililokuwa likimtia homa, si mbu.

Mimi nilikuwa binti mkubwa wa nyumba ile. Jina hili la Mwamvua sikuwa nalo bado, hilo litakuja. Nilikuwa nimeshakataa posa mbili, na mama alikuwa akisema ulimi wangu utanizeesha nyumbani. Basi jioni ile nikaambiwa nimpikie mgeni. Nikasonga ugali wa uwele, ukasimama barabara. Nikachukua mlenda wetu uliokaushwa, yale majani ya porini yanayoteleza, nikautwanga, nikauchemsha kwa magadi kidogo, nikatia karanga. Shoga, mlenda ule ulikuwa mlenda! Ukiinua mwiko, chungu chote kinataka kufuata.

Mgeni akanawa, akasema bismillahi, akamega tonge, akachovya, akainua mkono.

Mlenda nao ukainuka.

Hakuna aliyemwambia kwamba unazungusha mkono kidogo uukate. Yeye akapeleka moja kwa moja mdomoni. Kukawa na uzi kutoka bakulini mpaka kidevuni. Akarudisha kichwa nyuma, uzi ukazidi kurefuka. Akasogea kulia, ukamfuata. Akasimama! Haki ya Mungu, alisimama, na mlenda ukasimama naye, kisha ukakatika ukalala kwenye kanzu yake nyeupe toka shingoni mpaka kitovuni. Mimi nilishika nguzo ya tembe kwa mikono miwili. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na mama akanipiga kofi la mgongo, naye anacheka.

Akakaa. Akafumba macho, akameza. Niliona koo lake likikataa, yeye analilazimisha. Akaendelea, tonge kwa tonge, mpaka akafika chini. Kisha, si unawajua watu wa kwenu? Mtu akipewa wali umeungua atausifu mpaka mpishi aone haya. Athuman akaweka mkono kifuani akasema, "Mzee Matonya, tangu nizaliwe sijaonja kitu kitamu kama hiki. Mikono iliyopika hiki ina baraka. Ningeweza, ningekila asubuhi, mchana na jioni."

Lo! Mtu wa watu alijimaliza hapohapo.

Kwetu Ugogo mgeni anashiba, anashukuru, ananawa. Basi. Hatusifu chakula cha mtu. Ukikisifu, umekiomba. Nenda kamsifu mtu ng'ombe wake uone atakavyokutazama. Anajua umeshaanza kumtaka. Kwa hiyo baba hakusikia adabu ya Pangani, alisikia ombi. Na lilimgusa. Usiku ule nilimsikia akimwambia mama, "Masikini, huko kwao pwani hawana mlenda. Mtu mzima amekua bila mlenda." Asubuhi alikwenda kwa jirani akamweleza, jirani akamweleza wa pili, na wa pili ana mdomo mpana kuliko tarumbeta la askari.

Siku iliyofuata jua halijapanda vizuri, Athuman ametundika ubao wake ukutani kwa nje, amekaa mbele yake peke yake anatazama barabara tupu. Mara akaona mtoto anakuja na kijungu kichwani. Nyuma yake mwingine. Nyuma yake wawili, wasichana. Kila tembe limetuma mtoto na kijungu cha mlenda na ugali wake! Wakaviweka chini mbele ya mgeni, kimoja kimoja, wakasema kama walivyofundishwa, "Mama amesema kula, Mwalimu."

Nilikuwa natwanga pale uani, nikaacha mchi hewani. Ungeiona sura yake! Mtu amezungukwa na vijungu, vyote vinatoa mvuke, vyote vinateleza.

Na jambo jingine. Kwetu mtoto akitumwa na chungu harudi bila chungu, wala hamharakishi mgeni. Anakaa chini, anangoja mpaka kiwe kitupu. Kwa hiyo wakakaa. Wakamtazama. Athuman akatazama vijungu, akatazama watoto, akatazama vijungu tena, na nilimwona kabisa wazo linavyomwingia.

"Ahsanteni sana, wanangu," alisema. "Nitakula. Nitakula vyote. Lakini kwanza, kabla ya kula, tusome kidogo."

Kidogo! Shoga, aliwasomesha mpaka jua likakaa utosini. Aliandika herufi, akafuta, akaandika tena. Waliimba herufi, wakazichora mchangani, wakahesabu mbuzi, wakahesabu vidole vya miguu. Kila mtoto mmoja aliposema, "Mwalimu, mlenda unapoa," yeye anaruka, "Bado! Bado kuna herufi moja nzuri sana!" Jinsi alivyouogopa mlenda, ndivyo watoto walivyosoma. Mwisho herufi zikamwishia. Akaketi, akawakaribisha wale naye, na wote kwa pamoja wakavimaliza, yeye amefumba macho.

Kesho yake wakarudi. Kesho kutwa wakaongezeka. Wazee hawakusema kitu, watasemaje? Baba mwenyewe aliyeapa kwamba watoto wana mbuzi, ndiye aliyekuwa akiwafokea, "Mgeni hajapelekewa chakula mpaka sasa? Mnataka watu waseme nini?" Mbuzi wakachungwa kwa zamu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mwenyeji alipona kutojua kusoma, bila kujijua.

Baada ya siku kadhaa sikuweza kujizuia. Nikamfuata alipokuwa anapangusa ubao. "Mwalimu, kwa nini husemi tu kwamba huupendi?"

"Nani kasema siupendi?"

"Macho yako. Mtu anayependa chakula hafumbi macho kama anatolewa mwiba."

Akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Dada, nakuomba, usiniumbue. Nikisema siutaki, vijungu vitabaki nyumbani, na watoto watabaki na vijungu. Kila kijungu ni mwanafunzi. Maji nimeyavulia nguo, sina budi kuyaoga." Halafu akacheka, na mimi nikacheka, na nakuapia tangu siku ile nilikuwa naamka nacheka. Nikichota maji nacheka. Mama aliniuliza kama nimeumwa na wadudu.

Nikamfundisha kula. Unamega, unachovya, unazungusha mkono hivi, chap! Unakata. Alijifunza siku nzima, anachezesha mkono kama anafukuza nzi. Naye akanipa nafasi ya kukaa nyuma ya watoto na kujifunza herufi, maana mpishi naye, alisema, ana haki. Siku nilipoandika jina la baba mchangani, nilikwenda kumwita mama aje alione. Mama akalitazama sana. Kisha akaniambia kwa upole, "Yule mgeni hapendi mlenda. Sisi akina mama tunajua wote. Lakini wewe nyamaza tu, watoto wasome."

Nikamweleza Athuman kosa lake la siku ya kwanza. "Kwetu ukisifu kitu mbele ya mwenye nacho, umekiomba. Ulipousifu ule mlenda uliuomba kwa wazee wote wa Kizota."

Akapiga paji la uso. "Yaani nisisifu kitu chochote?"

"Sifu unachokitaka," nikamwambia.

Akawa anaigeuzageuza chaki mkononi mpaka vidole vikawa vyeupe vyote. Mimi nikaenda zangu, miguu haikanyagi chini.

Mawingu ya kwanza yalipoanza kujikusanya, Bwana Shauri akaja kweli, juu ya nyumbu, na askari wake. Watoto walikuwa wamekaa mbele ya ubao, kila mmoja na kijungu chake. Wakasimama wakamwamkia Kidachi, "Gutin mogen!" kwa sauti ya kufukuza fisi. Nyumbu akashtuka. Bwana Shauri akawahesabu: ishirini wamepita, na wasichana wamo. Akamwita mmoja asome, akasoma. Akamwita mwingine aandike, akaandika. Akakaita katoto kadogo kuliko wote, nako kakasoma, tena kakataka kuendelea hata kalipoambiwa basi. Bwana Shauri akawa anatabasamu chini ya masharubu. Athuman alisimama pale, kanzu imefuliwa, anang'aa. Nilitaka kupiga vigelegele.

Ndipo Bwana Shauri akasema, "Mwalimu, kazi nzuri. Mtu kama wewe asipotee porini. Pangani wanataka mwalimu. Utarudi kwenu. Kesho utaondoka na askari wangu. Hapa nitaleta mwingine."

Mwantum, nilikuwa nimeshika bakuli la mlenda, nikahisi limekuwa zito kama jiwe la kusagia. Ndiyo, ndicho alichokuwa akikiogopa, kurudi. Lakini hivi si kurudi na ubao kichwani! Hivi ni kurudi kwa heshima, kwa mama yake, kwa samaki, kwa nazi. Nani angekataa? Nilikuwa najua usiku anaota nazi, alinieleza mwenyewe. Nikainamisha kichwa ili watu wasinione.

Nikamsikia anasema, "Nashukuru sana, Bwana. Lakini Pangani siwezi kwenda."

"Kwa nini?"

Akasema, "Pangani hakuna mlenda, Bwana."

Watoto wote wakamgeukia. Bwana Shauri akadhani hakusikia. "Mlenda ni nini?" Kijungu kikaletwa. Akatia kidole, akainua. Mlenda ukainuka naye. Ukapanda mpaka kwenye masharubu, ukakaa humo, na uzi mwingine ukashika vifungo vya koti. Hakuna mtoto aliyecheka, walijiziba midomo kwa mikono miwili. Askari mmoja aligeuka akatazama ukuta, mabega yanamtikisika.

Bwana Shauri akajipangusa kwa leso, uso umeiva. "Unaacha kwenu kwa sababu ya kitu hiki? Unanidanganya. Hebu kula hapa, nikuone. Ukikunja uso hata kidogo, kesho unaondoka."

Weee! Watoto walikuwa wanajua macho yake, mama zao wanajua, mimi ndiye najua kuliko wote. Lakini bakuli lililokuwa tayari ni langu. Nikapiga magoti, nikaliweka mbele yake.

Akamega tonge. Akachovya. Akazungusha mkono, chap! Akatia mdomoni.

Hakufumba macho. Aliyafungua wazi kabisa, na alikuwa ananitazama mimi. Tonge la pili, ananitazama. La tatu, ananitazama. Shoga, sijapata kutazamwa vile. Alikula mpaka bakuli likabaki na utelezi, akaufuta utelezi kwa ugali wa mwisho, akaumeza. Uso haukukunjika hata mara moja, ulikuwa unacheka.

Bwana Shauri akatikisa kichwa. "Kila mtu na wazimu wake," akasema. "Baki." Akaanza kumtafuta nyumbu wake.

Lakini Athuman hakuwa amemaliza. Alinawa, akamgeukia baba, akaweka mkono kifuani. "Mzee Matonya, tangu nizaliwe sijaonja kitu kitamu kama hiki."

Baba akamtazama. "Unaomba kingine?"

"Hapana, Mzee. Hicho kimenitosha. Naisifu mikono iliyokipika."

Sasa wote walielewa, mpaka watoto. Baba akamtazama Athuman, akanitazama mimi niliyepiga magoti na bakuli tupu, akamtazama Athuman tena. Nilitaka ardhi ipasuke, na papo hapo sikutaka ipasuke hata kidogo.

"Mikono hiyo," baba akasema polepole, "ina ulimi mkali."

"Nimeshausikia, Mzee. Nao nausifu."

Hapo baba alicheka! Alicheka mpaka ng'ombe wakaitika ndani ya tembe. Mama akapiga vigelegele, watoto wakaanza kuimba zile herufi zao sijui kwa nini, na Bwana Shauri juu ya nyumbu anauliza, "Nini? Nini tena?" na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumjibu. Mwalimu wa dini alitoka Kondoa kuja kutuoza, na siku ile ya ndoa mvua ya kwanza ilishuka, ikatulowesha wote tukiwa uani. Kwa hiyo wakaniita Mwamvua.

Sasa reli imefika, na mwaka huu mama yake Athuman ametuletea nazi kwa treni, kikapu kizima, na samaki mkavu juu yake. Nililia kwa furaha kwa ajili yake. Nikapika samaki wa nazi kama Athuman alivyonielekeza, hatua kwa hatua. Nyumba nzima ilinukia. Athuman alikaa mkekani, akala, akashiba. Akashukuru. Akanawa.

Hakusifu.

Kesho yake nikampikia mlenda. Akafumba macho, akameza, koo likamkatalia kama siku ya kwanza. Akamaliza. Kisha akaweka mkono kifuani, akanitazama, akaniambia maneno yaleyale, mbele ya mtoto wetu. Na tangu tuoane hajala mlenda wangu hata siku moja bila kuyasema.

Nyamaza kidogo. Ndiye huyo anavua viatu mlangoni. Sogea huku, shoga, tega sikio, utamsikia mwenyewe.